Miaka Ishirini na Moja ya Saksofoni Bila Jino la Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa diploma wala jina la baba. Chef de fanfare, yaani kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya parokia yetu hapa Bunia, mzee mfupi mwenye suruali ya pasi kali, alitupanga vijana sita ukutani akapita mbele yetu mmoja mmoja. Alipofika kwangu akasema, "Fungula kinywa." Nikafungua. Akainua mdomo wangu wa juu kwa kidole gumba, kama mnunuzi anavyokagua mbuzi sokoni, akagonga meno yangu mawili ya mbele kwa ukucha.

"Weye, saxo," alisema. "Huyu wa pembeni yako meno inaachana, yeye aende ku ngoma kubwa."

Ndivyo kazi ilivyogawanywa wakati wetu, na ninyi vijana mnaochagua ala kwa kutazama simu mtanicheka. Lakini mzee alikuwa na sababu zake. Sehemu ya saksofoni inayoingia kinywani inaitwa bec. Chini yake hufungwa anche, kipande chembamba cha tete kinachotetemeka pumzi inapopita. Mdomo wa chini hukunjwa juu ya meno ya chini uwe kama mto wa anche, na meno ya juu hukanyaga bec yenyewe. Hayo meno ya juu ndiyo nguzo ya kazi yote. Yakitikisika, na sauti inatikisika. Chef de fanfare alituambia wazi kwamba yakitoka, "kazi iko imekwisha, utarudia shamba." Nilimwamini kabisa. Sikuwahi kufungua chupa ya bia kwa meno, na katika ujana wa Bunia jambo hilo lilinipa sifa ya mtu wa maringo.

Baada ya miaka minne ya misa, ndoa na mazishi, nilichukuliwa na orkestra ya wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu huko Nizi. Kule hatukuwa chini ya mwanamuziki. Tulikuwa chini ya Chef du personnel, mkuu wa wafanyakazi, mtu wa mafaili, ambaye alisimama nyuma ya ukumbi kila Jumamosi akifuata kwa kidole kwenye karatasi kile tulichopiga. Mpiga solo alipewa mizunguko minane, basi. Gitaa likiita, unarudi kwenye mstari.

"Hapa tunapiga kile kiliandikwa," alituambia. "Mutu akitaka ya kwake, apigie ndani ya choo."

Wenzangu walinung'unika, mimi sikunung'unika. Nataka mjue hilo vizuri, kwa sababu ndilo lililonitesa baadaye. Nilikuwa mpigaji mtiifu. Niliyoandikiwa niliyapiga, na niliyopiga yalikuwa safi, lakini sikuongeza noti hata moja ya kwangu. Wala sikujua kama ninayo.

Vita vilipotufikia, Chef du personnel alinikuta uani nikifunga godoro. Akanitupia sanduku la saksofoni. "Kimbia nayo," alisema. "Heri iende na mutu kuliko ibakie na risasi." Sikumwona tena, na mpaka leo namshukuru.

Nilihangaika Bunia miezi kadhaa, kisha nikasikia kwamba kule kaskazini, Ariwara, kuna baa inayotafuta mpiga saksofoni. Nikapanda lori, juu ya magunia ya maharage meupe. Sasa sikilizeni kosa ambalo mfanyabiashara hawezi kulifanya, wala mwalimu, wala askari. Midomo ya mpiga saksofoni ikikaa siku tatu bila kazi hulegea, nami nilitaka kufika Ariwara nikiwa tayari. Kwa hiyo nilichomoa bec na bocal, ile shingo iliyopinda, nikaviweka kinywani nikaanza mazoezi juu ya mzigo, lori likienda. Abiria walicheka. Mama mmoja aliniambia nalia kama bata aliyekanyagwa. Muda mfupi baada ya kupita Mahagi gurudumu la mbele likatumbukia shimoni, bec ikapanda juu kwa nguvu, na jino langu la mbele la kulia likatoka lote.

Lilianguka kati ya magunia, na gunia moja lilikuwa limepasuka. Mtafute jino kwenye maharage meupe, mtaniambia. Sisi sote tulipiga magoti tukichambua, damu ikinichuruzika kidevuni, mpaka yule mama akasema, "Baba, wacha. Litapikwa na watu watalikula, haliui mutu." Watu wakaangua kicheko. Mimi nililia, na sikulia kwa maumivu. Nilimsikia chef de fanfare akisema kazi imekwisha.

Jumamosi ya wiki ile ile nilisimama kwenye baa ya Ariwara, kwa sababu sikuwa na pengine pa kusimama. Mwenye baa, tuliyemwita Patronne, aliomba rumba. Nilipuliza rumba. Hewa ikatorokea kwenye pengo, bec ikateleza kwenye jino moja lililobaki, na badala ya noti moja zikatoka mbili, moja ikinguruma na nyingine ikipiga ukelele juu yake. Nilijaribu kuzirudisha kwenye mstari, zikazidi kutawanyika. Wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka waliacha kucheza wakanitazama.

"Papa Saxo, unanifukuzia batu!" Patronne alinong'ona. "Maliza, na kesho usirudie."

Nilipokuwa nafunga sanduku, bwana mmoja mwenye miwani alinisogelea. Alikuwa Directeur wa kituo cha sanaa cha Bunia, na alikuwa Ariwara kununua vipaza sauti. Uso wake uling'aa.

"Papa, weye ulijifunza wapi free jazz?"

Neno hilo sikuwahi kulisikia. Lakini nilikuwa sijala tangu asubuhi, na alivyouliza niliona kwamba jibu baya lingenirudisha barabarani. "Kule Nizi, Directeur," nilijibu, mkono mdomoni. Wiki mbili baadaye nilikuwa na barua ya kazi: mpiga saksofoni wa jazz huru, Bunia. Kazi yenyewe ilikuwa imetokana na shimo la barabarani, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na mke wangu, Mama Neema.

Basi ikabidi nijifunze nilichosema nakijua. Tulikuwa watatu: mpiga ngoma, mpiga gitaa la besi na mimi. Directeur alikuwa na agizo moja tu. "Musinipigie kitu niko najua." Katika jazz huru hakuna wimbo uliokubaliwa wala hesabu ya mizunguko. Mmoja anaanza, wengine wanasikiliza, na atakayeingia aingie kwa sababu amesikia kitu, asiingie kwa sababu zamu yake imefika. Ni kazi ngumu kuliko ya Nizi, msidanganywe. Asiyesikiliza anaumbuka papo hapo, na majirani zangu, ambao walinisikia nikiumbuka kila siku kupitia ukuta, walimwuliza Mama Neema kama nimeshapelekwa kwa maombi.

Nilifanya mazoezi kila asubuhi. Nilijifunza kupumua kwa duara, yaani kuvuta hewa puani huku mashavu yakisukuma ile iliyobaki, sauti isikatike. Nilijifunza kuzishika zile sauti mbili, kuziita na kuzinyamazisha. Lakini kila nilipofaulu, moyo uliniambia: si weye, ni pengo. Nilifuga masharubu yakafunika mdomo. Kwenye picha zote za kituo mimi ndiye nisiyecheka, na wageni waliandika kwamba nina huzuni ya msanii. Watu wa redio waliponiuliza mbinu yangu ni ipi, nilijibu, "Uhuru wa pumzi," na moyoni nikaona aibu, kwa sababu pumzi yenyewe ilikuwa inatoroka tu.

Siku moja tulipiga kwenye kambi ya watu waliokimbia Djugu. Tulipomaliza, bibi mmoja mkulima alinishika kiganja. "Baba," alisema, "ile ya redio inanidanganyaka. Hii yako haina uongo." Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Afadhali angenitukana.

Miaka ishirini na moja ikapita hivyo. Mwaka huu wakati wa kustaafu ukafika, na Directeur, ambaye sasa ana mvi kunishinda, alikuja kwetu mchana kupanga tamasha la kuniaga. Mama Neema akaleta mahindi ya kuchoma. Directeur akala hindi lake, mimi nikaanza kukwangua langu kwa kisu kama kawaida.

"Papa, unafanya nini?"

"Anakulaka vile tangu Ariwara," Mama Neema akasema, kabla sijamkanyaga mguu. "Hana jino la mbele. Anajifichaka nyuma ya masharubu kama mwizi. Miye nimechoka kunolea muzee muzima kisu cha mahindi."

Directeur alisikitika kwa kweli. "Miaka yote hii unateseka na siye hatujui?" Alitoa simu akampigia rafiki yake, daktari wa meno, papo hapo. Jino jipya, alisema, ndiyo iwe zawadi yetu. Alhamisi kwa daktari, Jumamosi tamasha.

Sikulala vizuri wiki ile. Nikikataa, lazima niseme kwa nini. Nikikubali, pengo litazibwa, na Jumamosi, mbele ya Bunia nzima, itasimama maiti ya yule mtiifu wa Nizi ikipiga kilichoandikwa. Nilimwambia Mama Neema.

"Na kama ni weye ndiye unapigaka?" aliuliza. "Utakufa bila kujua?"

Alhamisi nilifungua kinywa. Daktari alifunga jino la bandia kwenye meno ya jirani kwa saruji yao.

"Docteur, hii inatokaka?"

"Hapana, muzee. Utaenda nayo mpaka mbinguni. Lakini usiguse saxo mpaka Jumamosi, ikauke vizuri."

Kwa hiyo nilipanda jukwaani saa tisa mchana bila kujaribu hata noti moja. Ukumbi ulijaa: wanafunzi, kwaya ya parokia, majirani waliokuja kuhakikisha kama kweli naacha. Mpiga ngoma akanitazama nianze. Nikaweka bec chini ya lile jino jipya, nikapuliza.

Ilitoka noti moja. Safi, imenyooka, kama ya misa ya pili. Nikapuliza nyingine, ikanyooka vile vile. Mpiga ngoma akakunja uso, na Directeur, kwenye kiti cha mbele, akavua miwani. Nilijua nimekwisha, na kwa kuwa nimekwisha, niliacha kutafuta. Nikatulia nikasikiliza. Mpiga ngoma alikuwa anasugua ngozi kwa kiganja, taratibu. Nilisikia kitu ndani ya ule msuguo, koo langu likafunguka lenyewe, ulimi ukashuka, na noti ikapasuka ikawa mbili. Nikabana kidogo, kwa sababu sasa nilikuwa na cha kubania, ikaja ya tatu, ambayo miaka yote ya pengo sikuwahi kuipata.

Haikuwa pengo. Pengo lilinifungulia mlango tu, lakini aliyekuwa akiingia kila asubuhi kufanya kazi ni mimi. Nilipiga dakika arobaini, machozi yakiingia kwenye masharubu, na nilipomaliza nilikuwa mwepesi kama niliyetuliwa mzigo wa kuni.

Nyuma ya jukwaa nilimkuta Directeur anapangusa miwani. Nikaona heri nistaafu mkweli. Nilimweleza lori, maharage, pengo, na ule uongo wa Nizi. "Siku ile ya Ariwara sikuwa napiga free jazz, Directeur. Jino lilikuwa limetoka. Nilikuwa najaribu kupiga rumba."

Akaketi juu ya sanduku la vipaza sauti na mabega yakaanza kumtikisika.

"Papa," alisema, "na miye siku ile sikuwa nimesikia free jazz hata mara moja. Nilikuwa nimesoma tu ile neno mu gazeti. Nilikuuliza ili Patronne aone niko mutu wa kusoma."

"Na miaka yote hii?"

"Miaka yote hii nilikuwa naogopa weye utajua."

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia nani anaumwa.

Nilistaafu Jumatatu. Asubuhi nakunywa chai bila haraka, na mahindi nayauma mwenyewe, Mama Neema anapumzika. Vijana wa kituo huja kuniuliza kazi ilikuwaje, nami nawaonyesha jinsi ya kukunja mdomo, kutunza anche na kusikiliza kabla ya kupuliza. Meno yao siyakagui. Sijutii jino, wala Ariwara. Ninachojutia ni ile miaka ishirini na moja niliyopiga huku nusu ya akili yangu ikilinda mdomo, nikimwogopa mtu mmoja ambaye naye alikuwa akiniogopa mimi. Kama ningalijua, ningalipiga kwa nguvu zaidi.