Karatasi Zinazong'aa za Chumba Chetu

Juzi nimemfokea mtoto wa watu bure. Ni binti wa mdogo wangu, kamaliza chuo, kapanga chumba kimoja Mbeya mjini, akanipigia simu niende nimsaidie kukipamba. Nikaenda na moyo mweupe kabisa. Nimefika, sijakaa vizuri, akafungua mfuko akatoa bunda la karatasi inayong'aa, rangi ya silva tupu. "Mama mkubwa, hii nabandika ukuta mzima. Bei chee, halafu chumba kinakuwa kama hoteli." Rafiki yangu, sijui ni kitu gani kilinipanda kichwani. Nilimwambia aitoe mbele ya macho yangu, airudishe alikoinunua, na mengine sitayaandika hapa. Mtoto akabaki kanikodolea macho. Hajui lolote. Mama yake hakumsimulia, na mimi jambo hili limenikaa kooni miaka yote hii. Leo nalitoa.

Sisi tulikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, huko kwetu Rungwe. Kiwanda gani, usiniulize. Zilikuwa nyumba mbili mbili zilizoshikana ukuta, bati juu, chai mbele na chai nyuma mpaka macho yachoke. King'ora kililia alfajiri na baba akawa ameshafunga viatu. Alikuwa fundi wa mitambo ya kukaushia majani, na harufu ya chai mbichi inayopata moto aliingia nayo nyumbani kila jioni, ikakaa kwenye koti, kwenye mapazia, hata kwenye ndizi za mbalaga ambazo mama alizipika na maharage mpaka zikawa laini. Na mvua! Mtu asiyeishi Tukuyu asijidai anaijua mvua. Nguo zetu zilikaukia juu ya jiko, na sare zangu za shule zilinuka moshi tangu Januari mpaka Desemba.

Nilikuwa darasa la saba. Zilikuwa zile enzi za ruksa, maduka ya Tukuyu yaliyokuwa yanauza viberiti na vumbi yalikuwa yamejaa sabuni za kunukia, na mitumba imemwagwa sokoni hadi njiani. Kila mtu alitaka kitu kipya. Mwalimu wetu wa sayansi kimu, mama mmoja wa Kilimanjaro aliyeletwa kwetu na serikali, akatupa kazi: kila msichana apambe chumba anacholala, na ni marufuku kuomba hela nyumbani. "Nitapita nyumba kwa nyumba," alisema, "na atakayenionyesha kitu cha dukani nampa sifuri."

Sasa chumba chenyewe! Mimi na mdogo wangu tulilala kwenye kitanda cha teremka tukaze chenye kamba zilizolegea, godoro letu gunia lililojazwa majani makavu ya migomba, na nguo zetu zilining'inia kwenye msumari. Nilianza na ukuta. Nilikwenda Lufingo kwa bibi, akanipeleka mtoni kuchimba udongo mweupe, akanionyesha namna ya kuuponda, kuuchuja na kuupaka kwa kiganja, halafu juu yake kuchora mistari ya udongo mwekundu na masizi. Bibi alicheka sana aliposikia ni kazi ya shule. "Yaani siku hizi mnafundishwa na mgeni kupamba nyumba?" alisema. Nyumba ya mama yake ya mianzi ilichorwa hivyo toka chini hadi kwenye paa, na hakuna aliyempa maksi.

Pazia nililipata sokoni. Shuka la mtumba lenye maua ya buluu, limechanika katikati, muuzaji alikubali nimpe maparachichi ndoo nzima tukaachana salama. Nilikata sehemu iliyochanika, nikapinda, nikalitundika kwenye mwanzi. Foronya nilidarizi mwenyewe, "Lala Salama", kwa nyuzi nilizofumua kwenye sweta bovu. Sehemu ya juu ya ukuta nikabandika magazeti kwa uji wa unga wa mahindi, tukaona tumemaliza. Ilipita wiki moja tu ya mvua. Unyevu uliingia ukutani, magazeti yakavimba, yakatudondokea tukiwa tumelala, na mdogo wangu akaamka na picha ya waziri imemganda shavuni. Tulicheka mpaka mama akaja kugonga mlango. Kisha nililia, kwa sababu mwalimu alikuwa anakuja wiki inayofuata.

Hapo ndipo anapoingia karani wa ghala. Huyu bwana alikuwa mzee wa kanisa letu, besi ya kwaya, Jumapili nyingi alikula kwetu na paja la kuku alipewa yeye. Kiwanda kilikuwa kimeacha kufungasha chai kwenye masanduku ya mbao, kimehamia magunia ya karatasi. Yale masanduku ndani yalitandikwa karatasi ya silva, ngumu kiasi, isiyopitisha maji. Basi ilirundikwa nyuma ya ghala, imechanikachanika, na kila Ijumaa walitia kiberiti. Siku moja nimempelekea baba chakula, karani akaniona nimesimama naliangalia lile rundo. "Mwanangu, hizi tunachoma. Chukua unazotaka, kapambe chumba." Akazikunja yeye mwenyewe, akazifunga kwa kamba ya mgomba, akanitwika kichwani. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana kwa lugha yetu, na nilimaanisha. Baba alikuwa ndani kwenye mitambo. Hakuona chochote.

Wee acha tu, chumba kilivyokuwa! Chini udongo mweupe na michoro ya bibi, juu silva tupu. Ukiwasha koroboi moja, ukuta mzima unawaka, kile chumba kidogo kikawa kikubwa mara mbili. Mvua ikanyesha itakavyo, karatasi haikutikisika. Mwalimu alikuja na mwavuli wake, akasimama mlangoni, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akanipa maksi zote, na kesho yake akawatuma wasichana wenzangu waje kujifunza. Kwa mara ya kwanza maishani nilijiona mtu.

Mwezi haukuisha, kiwanda kikauzwa. Tuliambiwa anakuja mwenye mali mpya, na kabla hajakabidhiwa, lazima kila kitu cha kiwanda kiandikwe, mpaka vilivyo majumbani kwa wafanyakazi. Wakaanza kupita. Walikuwa watatu: mkuu wa walinzi, bwana mmoja mgeni mwenye mkoba, na karani wa ghala ameshika daftari. Kwa jirani walichukua jembe na mabuti ya mvua. Kwetu walifika Jumamosi asubuhi, mama anamenya ndizi.

Sebuleni hawakuona kitu. Mkuu wa walinzi akasukuma mlango wa chumba chetu, akasimama, kisha akamwita baba: "Ingia wewe mwenye nyumba, ushuhudie." Jamani! Kwetu baba haingii chumba wanacholala binti zake waliokua. Haingii, basi. Chumba kile nilichokipamba, baba yangu hakuwa amekiona hata siku moja, alisikia tu kwa mama kwamba watoto wamepamba. Siku hiyo alivua kofia, akainama mlangoni, akaingia kwa amri ya mlinzi. Aliangalia michoro ya bibi. Aliangalia silva. Aliona na sidiria yangu kwenye msumari, akageuza uso haraka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Hii ni mali ya kiwanda," akasema yule bwana wa mkoba. "Nani kaileta?"

Nikamtazama karani. Nilimtazama hivi, machoni, nikasubiri. Nilijua atasema, kwa nini asiseme? Mtu mzima, mzee wa kanisa, ingemgharimu nini kusema ni takataka nilizompa mtoto? Akainamia daftari lake. Anaandika. Mtu hajajibu kitu, yeye anaandika nini?

"Nani kaileta? Kama ni huyu binti, tunaye mpaka kituoni akajieleze huko."

Nikafungua mdomo. Mama akanikamata mkono, vidole vyake vinanata utomvu wa ndizi, akanibana mpaka nikahisi mfupa. Na baba, ambaye hata hakujua zimetoka wapi, akasema, "Nimeileta mimi."

Karani akaandika hilo pia. Kwa mwandiko wake ule mzuri! Wakabandua karatasi zangu, udongo wa bibi ukamomonyoka nazo, wakaziviringisha wakaondoka nazo kama kidhibiti. Unajua walizipeleka wapi? Ijumaa iliyofuata niliuona moshi nyuma ya ghala. Walizichoma, washenzi wakubwa wale. Wafanyakazi wengi waliachishwa mwezi huo, hilo lilikuwa la wote, ila wenzake baba waliondoka kama watu waliopunguzwa na yeye aliondoka kama mwizi, jina lake limebandikwa getini. Kanisani alikuwa mtu wa kupitisha kapu la sadaka. Jumapili iliyofuata kapu lilipitishwa na mwingine, na besi ya kwaya ilisikika vizuri tu.

Jioni ile ya ukaguzi nilimweleza baba kila kitu. Nikamwambia kesho nakwenda kwa meneja, namtaja karani. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimeshasema ni mimi," akasema. "Unataka sasa wanione na mwongo pia?" Akanikataza kulitaja tena akiwa hai. Nilimchukia kidogo kwa hilo, nisikufiche, na mpaka leo sijui kama nimeacha. Tulihamia Lufingo kwa bibi. Baba akalima viazi na ndizi, mikono yake iliyojua kila nati ya ile mitambo ikawa ya jembe. Sikupamba chumba kingine. Nililala kwenye kuta alizozipaka bibi, na magazeti hata alipoyaleta mdogo wangu niliyatupa jikoni.

Baba amefariki mwaka juzi, mzee kabisa, kitandani kwake. Msibani Lufingo karani alikuja, anatembelea fimbo, wakampisha kiti cha mbele. Ilipofika zamu ya waliofanya kazi na marehemu, akasimama. Akasifu bidii ya baba. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kwaya, "Sisi binadamu wote tunateleza. Mwenzetu naye aliteleza mara moja, na sote tulishamsamehe."

Nikasimama. Kwetu binti wa marehemu hasimami hivyohivyo katikati ya wazee, lakini nilisimama. Nikasema yote: rundo la nyuma ya ghala, kamba ya mgomba, daftari, yote, nimemnyooshea kidole. Nasubiri watu wagune, wapige kelele, wamgeukie.

Wakabaki wananiangalia mimi. Nikawaangalia mmoja mmoja. Waliomwita baba mwizi pale getini, nani aliyekuwepo? Wamekufa, wamehamia Mbeya, wamehamia Dar. Zile nyumba zilishabomolewa, pamepandwa chai. Mwalimu alihamishwa zamani, hatujui hata aliko. Waliokaa pale msibani ni majirani wa Lufingo waliomjua baba kama mzee wa viazi, na vijana ambao habari za masanduku ya chai hawajawahi kuzisikia. Kijana mmoja nyuma akamuuliza mwenzake, "Karatasi gani?" Mwenzake akapandisha mabega. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nusu ya watu wale walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza kwamba baba yangu aliwahi kuitwa mwizi, na aliyewaambia ni mimi.

Karani alikuwa bado amesimama, ameshikilia fimbo. Alikohoa, akasema koo limemkauka, akaomba maji. Jagi lilikuwa karibu na mimi. Watu wote walinitazama, na mama pia, kama siku ile aliponibana mkono. Nikamimina maji kwenye kikombe, nikampelekea, nikapiga goti, nikamshikia mpaka akamaliza.