Waya wa Tatu wa Isengwe

Ukitoka Kibaoni kwa pikipiki, ukavuka vile vijito viwili ambavyo kiangazi huwa mchanga mtupu, unaingia Isengwe. Zamani hukuwa na haja ya kuuliza kama umefika. Ulisikia kwanza injini ya Emerensiana, tu-tu-tu-tu, ndipo ukaona bati la nyumba ya kwanza.

Emerensiana wanamwita Mama Jeni, kwa ajili ya binti yake mkubwa, Jeniffer, aliyeolewa Kawajense kule Mpanda mjini. Mumewe, marehemu Salvatori, alimwachia mashine ya kukoboa mpunga, banda la mabati, na shemeji mmoja, Simon, ambaye anajua kufungua injini yoyote ila hajui kuamka mapema. Baada ya matanga ndugu wa mume walikaa kikao, wakasema mashine haiendeshwi na mwanamke, kwa sababu ya hendeli. Injini za namna ile huwashwa kwa mkono. Unachomeka chuma, unazungusha kwa nguvu zako zote, na usipokichomoa kwa wakati kinakurudi na kuvunja mkono. Emerensiana hakubishana. Alinyanyuka katikati ya kikao, akaenda bandani, akaiwasha. Mlio ukafunika maneno yao, kikao kikaishia hapo.

Tangu siku hiyo ni miaka kumi na tisa. Mpunga wa watu aliupima kwa meno. Ukimletea gunia, anachukua punje moja, anaitia mdomoni, anaing'ata. Ikikatika kavu, tak, unamwaga mashineni. Ikilegea, basi.

"Rudi kaanike siku mbili," anakwambia.

"Mama Jeni, mimi ni ndugu yako bwana."

"Meno yangu hayana ndugu. Nikukoboe sasa upate chenga, kesho unitangaze sokoni Kibaoni kwamba mashine yangu inakata mchele?"

Na mtu anarudi kuanika. Walimnung'unikia, lakini mchele wa Isengwe ulitoka mzima, na wanunuzi waliujua.

Sasa, habari yenyewe ilianza na wageni wawili, kijana wa kiume na wa kike, waliofika na kishikwambi wakiandika mambo ya umeme. Umeme wa vijijini ulikuwa unakuja, na wao walitaka kujua nyumba ngapi, shule ngapi, mashine ngapi. Kwa bahati mbaya, wiki ileile maneno yalikuwa yamezagaa kwamba kila mwenye mashine ataandikwa ili atozwe ushuru mpya. Nani aliyaleta? Hakuna ajuaye. Maneno ya namna hiyo hayana baba. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Gaspar, aliwatangulia wageni nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, akinong'ona, "Ficheni. Ficheni vyuma vyenu, hawa wanaandika vyuma."

Isengwe yote ikaficha. Méthode, fundi wa kuchomelea, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na yeye ni Mtanzania wa karatasi na wa moyo, alizika jenereta lake chini ya maganda ya karanga. Emerensiana naye aliifunika mashine kwa turubai, akaweka nyasi juu, akamkalisha kuku aliyekuwa anaatamia.

"Na hapa mama?" aliuliza yule binti wa kishikwambi.

"Banda la kuku, mwanangu."

Binti akatazama kuku, kuku akamtazama binti. Akaandika, wakaondoka. Jioni ile watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mwaka uliofuata nguzo zikaja kweli. Ziliposimamishwa, Emerensiana hakutaka kungoja. Aliiuza injini ya dizeli kwa mtu wa Mwamkulu, akanunua mota ya umeme, nzito, ya kijani, ya njia tatu, maana Simon alimwambia mashine ya kukoboa haiendi na mota ndogo. Simon akaifunga kwa nati nne kwenye zege jipya. Ilipendeza. Watu walikuja kuiona kama wanavyokuja kumwona mtoto mchanga.

Halafu mafundi wakavuta nyaya. Simon alisimama chini ya nguzo, shingo juu, akihesabu. Akahesabu tena.

"Shemeji," alisema, "ni mbili."

"Mbili nini?"

"Nyaya. Zimekuja mbili. Hizi ni za taa, televisheni na kuchaji simu. Mota yetu inataka tatu."

Usiku Isengwe ikawaka taa, na ilikuwa furaha, tusiseme uongo. Lakini mavuno yalipoingia, watu walipakia mpunga kwenye bodaboda kupeleka Kibaoni, wakapanga foleni siku nzima, wakarudi na mchele uliokatika. Injini imeuzwa, mota imelala. Emerensiana alifagia banda kila asubuhi, ingawa hapakuwa na pumba ya kufagia. Akajiwekea neno moja: msimu ujao haupiti hivi. Ukipita hivi, na mashine nayo anauza, na kazi ya Salvatori imekufa mikononi mwake.

Mwaka uleule ulikuwa wa uchaguzi. Mbunge wao, Gideon Ngolo, alikuwa anatetea kiti, na gari lake la matangazo lilipita likisema ameleta umeme, ameleta umeme, mitano tena. Siku ya mkutano wa Isengwe ikatajwa. Gaspar akawaomba akina mama wapike.

"Nani atasimamia jiko?" aliuliza.

"Mimi," alisema Emerensiana.

Gaspar alimtazama kwa wasiwasi. "Mama Jeni, usituharibie."

"Nimeharibu kazi ya nani mimi, mzee? Kalete viti."

Ngolo ni Mkonongo, na Isengwe ni Wapimbwe, na kwa desturi ya pale hao ni watani. Mtani wako akija kwako, awe mkubwa namna gani, hali chakula kabla hajataniwa, na akikasirika ndiye anayeonekana mjinga. Emerensiana alilijua hilo. Ngolo naye alilijua.

Siku ikafika. Mheshimiwa aliwasili saa sita mchana, shati la mikono mifupi, uso mkunjufu. Akakaribishwa mezani chini ya turubai, akanawa mikono, na pamoja naye wakanawa watu wa msafara wake. Emerensiana akaja na hotipoti kubwa, akaiweka mbele yake, akapiga magoti kwa adabu yote.

"Karibu wali, mtani wangu. Mpunga wa hapahapa."

Mheshimiwa akafunua. Ndani mlikuwa na mpunga. Mpunga wenyewe, na maganda yake, umechemshwa mpaka umevimba, na kipande cha kuku kimewekwa juu kwa heshima.

Gaspar akafumba macho. Kisha mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka, na turubai zima likalipuka.

"Sasa mtani," alisema Ngolo, akijitahidi kucheka naye, "Wapimbwe ndiyo mnakula hivi? Nilisikia tu, nikadhani watu wanawasingizia!"

"Tulikuwa tunakula mchele kama watu, mpaka Mkonongo akatuletea umeme! Kula, mtani. Umeme wako unawasha taa, tunauona mpunga vizuri sana usiku. Ila kuukoboa hauwezi. Tafuna pole pole, meno unayo."

Watu wakapiga vigelegele. Ngolo akasubiri vitulie, kisha akamwita kijana wake mwenye mafaili. Hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, na pengine ndiyo maana walimchagua.

"Nilijua nitaulizwa habari ya nyaya," alisema, akavaa miwani. "Nimekuja na karatasi ya takwimu zenu wenyewe. Sikilizeni. Kijiji cha Isengwe. Kaya, mia tatu na kumi na mbili. Shule, moja. Mashine za kusaga na kukoboa, hakuna. Karakana za kuchomelea, hakuna. Ndugu zangu, penye mashine walipanga nyaya tatu. Pasipo na mashine, mbili. Nyie mlisema hamna hata moja. Mimi mbunge wenu ningewabishia?"

Kicheko kilikatika. Watu wakatazama chini, wakatafuta kitu cha kufanya na mikono yao. Miezi yote hiyo Emerensiana alikuwa ameilaumu serikali, mafundi, mbunge, na hata kijana aliyewabebea mafundi bunda la nyaya, kumbe waya wake wa tatu aliuzima mwenyewe, kwa turubai na kuku. Angeweza kukaa. Wengi wangekaa. Alivuta pumzi, akasimama wima.

"Mtani, umenipiga," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nilificha mashine. Nilimwambia yule binti ni banda la kuku. Niliogopa ushuru. Hiyo 'hakuna' iliyoandikwa hapo, moja yake ni mimi."

"Asante kwa ukweli," alisema Ngolo, na mara uso wake ukachangamka. "Basi nipeni kura zenu, mnirudishe, na waya wa tatu nitausimamia mwenyewe."

"Aa-a. Kura ina sanduku lake, na siku yake. Waya una fomu. Usivitie kwenye kapu moja, mtani. Kura nitakupa au nitakunyima, hilo halikuhusu leo. Ninachotaka ni karatasi hiyo iandikwe upya, hapahapa, mbele ya watu, na wewe uweke sahihi kwamba ulikuwepo ukaona."

"Mkutano una ratiba, mama," alisema kijana wa mafaili.

"Na wali una ratiba. Upo jikoni, umeiva, una nazi. Tukimaliza kuandika tunapakua."

Ngolo alimtazama kijana wake, akatazama jikoni ambako harufu ilikuwa inatoka, akatazama watu zaidi ya mia nne waliokuwa wanangoja. Akavua miwani. "Andika," alisema.

Kijana akafungua ukurasa. Emerensiana akataja jina lake, mashine moja ya kukoboa, mota ya njia tatu. Kisha akageuka kuwatazama majirani. Hakuna aliyenyanyuka. Hofu ya ushuru ilikuwa bado imewakalia mabegani.

"Mnangoja nini? Mkae kimya muendelee kupeleka mpunga Kibaoni kwa bodaboda? Ushuru ukija, nitalipa wa kwanza, mje mnicheke. Méthode! Lile jenereta umelifukua au bado unalipalilia?"

Méthode akanyanyuka, akijikuna kichwa. "Ego, ndiyo, Mama Jeni. Karakana ya kuchomelea, moja. Naomba uandike na grinda."

Baada yake akasimama Suzana mwenye mashine ya kusaga mahindi. Wakafuata wawili wa mashine za kukamua alizeti, ambao kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayo. Mwisho kabisa akanyanyuka mzee Gaspar, polepole, kama mtu anayetoka kwenye kiti chenye msumari.

"Moja ya kusaga," alinong'ona.

"Sauti, Mwenyekiti!"

"Moja ya kusaga! Ipo stoo, nyuma ya magunia! Mmeridhika?"

Kicheko cha siku ile bado kinasimuliwa Isengwe. Mashine sita, katika kijiji kisicho na mashine. Ngolo akaweka sahihi yake, wali ukapakuliwa, akala sahani mbili.

Lakini Emerensiana si mtu wa kuishia kwenye sahihi. Msafara ulipotaka kuondoka na karatasi, aliidaka.

"Hii inakwenda na mimi. Gari lenu lina vijiji kumi na vinne mbele yake, na karatasi ni kitu chepesi."

Kesho yake alipanda basi na Méthode mpaka Mpanda. Walikaa kwenye benchi la ofisi mpaka mchana, wakaambiwa fomu yenyewe si hiyo, wakapewa nyingine, Méthode akaijaza kwa mwandiko wake mzuri wa shule, wakagongewa muhuri, wakadai nakala. Alilala kwa Jeniffer, akarudi na nakala ameifunga kwenye kitenge kama mtoto. Baada ya majuma matatu wakaja watu wa kupima. Safari hii Gaspar aliwatangulia tena kwa baiskeli, akipiga kelele, "Toeni! Toeni vyuma nje!"

Uchaguzi ukapita. Ngolo alirudi bungeni. Isengwe walimpa kura nyingi, si zote, na Emerensiana hajamwambia mtu yake ilikwenda wapi. Simon alijaribu kumchimba mara mbili, akaambulia kuagizwa maji.

Mwezi wa tano, mpunga umeanza kukauka kwenye maturubai, mafundi wakapandisha waya. Simon aliamka alfajiri bila kuamshwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akaunganisha, akafunga mkanda, akasema, "Shemeji, piga."

Emerensiana akabonyeza. Mota ikanguruma, mkanda ukazunguka, na mpunga badala ya kushuka ukaanza kurushwa juu, usoni mwa watu waliokuwa wamejazana mlangoni.

"Inarudi nyuma!" alipiga kelele Suzana. "Hata huo umeme wa njia tatu ni wa Kikonongo!"

"Zima, zima!" alisema Simon. "Hakuna kilichoharibika. Nyaya mbili zimepishana tu." Akazima swichi kuu, akabadilisha mbili, akafunga. "Sasa."

Safari hii ilizunguka vizuri, kwa mlio laini kuliko dizeli, mpaka watu waliweza kusemezana bila kupaza sauti. Mchele ukatoka, mweupe, mzima, ukijaza ungo. Emerensiana aliuchota kiganjani, akaupuliza vumbi, akauangalia kwenye mwanga wa mlango. Akaurudisha ungoni.

Gaspar akajipenyeza na gunia lake begani. "Mama Jeni, mimi nina kikao cha kata. Nitangulize basi."

Emerensiana akachukua punje moja kutoka kwenye gunia la Mwenyekiti, akaitia mdomoni, akaing'ata.

"Mbichi hii, mzee. Siku mbili juani. Na ukirudi, unaanzia kule nyuma ya Méthode."