Kwa Mtani Aliyemzika Masudi

Niliondoka Tabora kwenda Ipole kumtafuta mtu niliyemfukuza barazani kwangu kwa yai moja. Ni aibu kuanza hivyo, lakini nikianzia kwingine nitakuwa nimepunja, na mimi ni mwuza chumvi. Nikipunja leo, mtaa mzima wa Ng'ambo utajua kabla ya adhuhuri.

Mwaka ule Wadachi walipoiacha Tabora na Wabelgiji wakaingia, kaka yangu Masudi alishikwa sokoni akatiwa kwenye kamba ya wapagazi. Nilisimama kando ya njia wakipita na masanduku. Niliwahesabu mara mbili: arobaini na wawili, yeye akiwa wa kumi na tisa. Wakashika njia ya kusini. Vita vikaisha, Waingereza wakapokea nchi, na katika wale arobaini na wawili walirudi saba. Masudi hakuwamo, wala hakuna aliyejua habari zake.

Mama hakuweka matanga. Hakusoma hitima. Kwetu mtu hafi mpaka aje wa kusema, na wa kusema hakuja. Ndivyo mama alivyoamini.

Ukweli ni kwamba alikuja. Wasomaji wa mbali wajue kwamba Wazaramu wa pwani na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako, hukuvua kofia akaenda nayo, na ukifia ugenini ni yeye anayekuzika. Kisha huja kwenu kudai ada yake, naye huja akicheka, maana mtani halii. Basi miaka mitano nyuma, mama akiwa kisimani, Mzaramu mmoja mwembamba kama ufito alisimama barazani kwangu akapiga kelele:

"Wanyamwezi! Mtu wenu nimemzika kwa mikono hii. Leteni jogoo!"

Wiki iliyotangulia mtani mwingine alikuja na kilio cha uongo kumwomboleza jirani yetu, na jirani mwenyewe alikuwa amekaa pale anakunywa kahawa. Nikajua ni yale yale. Nikamjibu, "Jogoo ghali. Maiti asiye na jina bei yake yai." Baraza zima likaangua kicheko. Akalipokea lile yai, akalitazama, akanitazama, akaenda zake. Nami nilijisifu siku nzima: kutoka jogoo mpaka yai! Sikumuuliza hata jina la maiti. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, hilo sikulihesabu hata mara moja.

Mwaka huu, katikati ya kiangazi, Mama Yohana, Mkristo wa Ipole anayeniletea nta, alikuwa akipanga mabonge yake huku akisimulia mambo ya kwao.

"Tuna Mzaramu mmoja kule, aliolewa na nchi yetu, harudi kwao. Ana mizinga mingi, lakini mmoja asali yake hauzi. Ameutundika juu ya kaburi la mpagazi wa hapa Tabora."

"Tabora ya wapi?"

"Hii hii, Ng'ambo. Anasema ndugu za marehemu ni mabahili, walimlipa yai."

Sikumbuki nilimpimia chumvi kiasi gani siku ile. Yeye anasema nilizidisha.

Alhamisi asubuhi, Tabora. Nilimwambia mama naenda Ipole kununua nta. Alikuwa anapepeta mpunga, hakuinua macho.

"Nta siku hizi inanunuliwa na kanzu ya Ijumaa?"

Sikuthubutu kumwambia habari ambayo huenda nayo ilikuwa mzaha, akalia mara mbili. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu, mimi nimezeeka. Nataka nijue kitu kimoja tu: nimtangulie Masudi, au nimfuate. Mtu hawezi kufa vizuri akiwa hajui."

Nikajitwisha chumvi begani, maana mfanyabiashara hatembei mikono mitupu hata kwenda kaburini, nikatoka.

Siku ya kwanza na ya pili, njia ya kusini. Baba yetu alipita njia hii zamani kabla ya reli, akibeba pembe za ndovu. Wakati ule upagazi ulikuwa heshima. Kijana asiyefika pwani alihesabiwa bado ananyonya, wala hapewi mke. Walikwenda kwa ngoma na njuga, kila mtu na mzigo aliouchagua. Masudi alikulia katika hadithi hizo. Alizipenda kuliko chakula. Ndipo ikaja kamba, na kazi ambayo baba aliiimba, mwanawe akaifanya kwa kufungwa shingo.

Baba alituhesabia vijiji vya njiani kuelekea Sikonge, kumi na kimoja, kila kimoja na jina lake na uji wake. Nilivikuta vinne. Vingine ni mafiga matatu matatu yaliyoota majani, na mbung'o wanaouma juu ya nguo. Kila jeshi lililopita lilikula, na lilipokwisha kula chakula likachukua wanaume. Nilikaa kwenye figa moja nikala karanga. Lilikuwa bado jeusi upande wa ndani.

Siku ya tatu, Sikonge. Nilifikia kwa Mzee Elia, mkulima wa Kimoravian aliyewahi kununua chumvi kwa baba. Tulipokwisha kula alisimulia chanzo cha vita, kama alivyosikia misheni.

"Mwana wa mfalme mmoja huko Ulaya alipigwa risasi, yeye na mkewe, wamekaa ndani ya gari lao."

"Alipigwa na Mdachi?"

"La."

"Na Mwingereza?"

"Hata. Na kijana wa kabila jingine kabisa."

"Na huyo mwana wa mfalme, alikuwa na shamba huku kwetu?"

"Hakuwahi kufika."

"Basi, mzee wangu, Masudi kaingiaje?"

Mzee Elia alifikiri sana. Ni mtu mkweli. "Hapo," alisema, "hata mwalimu aliposimulia, sikupaona." Kisha mkewe akanifungia viazi vya njiani, akakataa chumvi yangu. Nikailaza mlangoni pao nikakimbia.

Siku ya tano, Ipole. Mashamba ya tumbaku, halafu miti, halafu mizinga ya magome imening'inia juu kama watu waliolala. Mama Yohana alikuwa amekwisha nitangulia na habari. Yule Mzaramu, Shomari jina lake, alikuwa uani anachonga vijiti vya kufungia mzinga. Alikuwa bado mwembamba, ila mvi zimempata. Hakuniuliza mimi nani.

"Karibu, mwenye yai."

"Shikamoo."

"Marahaba. Lilikuwa viza."

"Kweli?"

"Nililivunja Kwihara, nusura nizimie. Vita vimeshindwa kuniua, nije kuuawa na yai la Mnyamwezi!"

Sikumrudishia utani. Nikamwuliza kwa nini hakusema sawasawa.

"Nilisema sawasawa. Nilisema nimemzika. Ulitaka nilie? Mimi mkewe?" Akaendelea kuchonga. "Nilitembea kutoka huku mpaka kwenu na miguu ina vidonda, kwa ajili ya kusema neno lile. Mkacheka. Nikasema, haya, wamecheka, na mimi kazi yangu si kuchekesha? Nikarudi."

Hakuna kitu nilichokuwa nacho kwenye kifurushi cha kulipa hapo. Nikaketi chini, si kwenye kigoda alichonisogezea. Baadaye ndipo akanisimulia. Masudi alibeba sanduku la risasi. Mvua za kwanza zilipoanza, tumbo likamshika. Akatembea siku tatu anaumwa. Ya nne akakaa chini na hakuinuka.

"Sanduku lake nikapewa mimi, juu ya langu," alisema. "Nikaomba nichimbe. Askari akasema hakuna nafasi, piga hatua. Nikamwambia, afande, huyu ni Mnyamwezi, mimi Mzaramu. Askari yule alikuwa mtu wa bara, akaelewa. Akageuka akaitazama miti mpaka nilipomaliza. Nilichimba kwa sahani ya bati."

"Alisema neno?"

"Alinitukana. Alisema Mzaramu hajui kuchimba, kaburi kama la kuku. Nilikuwa naanza kumchimbia naye bado hajakata roho, anaona." Shomari akapangusa kisu chake. "Nikamwambia, nyamaza, marehemu haulizwi."

Siku ya saba, kusini ya Ipole. Tulitembea siku mbili porini, yeye mbele. Sikuona alama yoyote ya njia, ila yeye hakusita mara moja. Chini ya mninga mkubwa alisimama. Nilitazama ardhi: majani makavu, mizizi, udongo mwekundu. Hapakuwa na kilima wala jiwe. Juu, mzinga wa gome, na nyuki wanaingia na kutoka.

"Ndiyo hapa?"

"Ndipo. Mvua ililala juu yake miaka yote, kumekuwa sawa. Nilipoona nyasi zinataka kunipoteza, nikatundika mzinga. Njia husahauliwa, lakini mtu hasahau mzinga wake. Kila msimu nakuja kurina, namtukana kidogo, naondoka."

Nilisoma Fatiha. Mtu hufikiri atalia, mimi nilipima. Kutoka shina mpaka mguu wangu hatua nne, kisha nikapima tena, nne. Nikajiona namhesabu kaka yangu kama gunia, nikaacha. Nilikumbuka kwamba alikuwa akiniita Bwana Mizani, na kwamba tangu aondoke hakuna mtu mwingine aliyeniita hivyo. Nikatamani aniite pale, mara moja tu, hata kwa kunikebehi.

Shomari alikuwa amekaa amenipa mgongo. Nikamwuliza yeye vita vilianza kwa nini, maana alivibeba mwanzo hadi mwisho.

"Wazungu walikuwa na mzigo," alisema bila kugeuka. "Hawakupatana nani aubebe. Wakagombana, wakagombana, mwisho wakapatana: sisi."

Nilichota udongo kwenye kitambaa nimpelekee mama. Akaushika mkono wangu.

"Huo wa nini? Udongo Tabora haupo?"

"Nimpelekee nini, basi?"

"Mimi."

Akasema kazi ya mtani haijamalizika kaburini, inamalizikia nyumbani kwa marehemu, na kwamba kazi hii ameibeba nusu kwa miaka na bega linamuuma. Ila ada yake iko pale pale, na safari hii itangulie.

"Jogoo," nilisema.

"Mwekundu."

"Mwekundu."

Akanitazama kwa mashaka. "Huombi nipunguze?"

"Siombi."

"Basi kweli umefiwa," akasema.

Kurudi. Tulishika njia ile ile kurudi kaskazini na chumvi iliyobaki begani kwangu, nta sikununua hata bonge, ila jogoo mwekundu nilimlipa Shomari palepale Ipole. Nilihesabu tena vijiji kati ya Sikonge na Tabora: vinne. Shomari alinitukana njia nzima, miguu yangu, kanzu yangu, ukoo wangu, na nilipoacha kumjibu alinyamaza akaniuliza kama naumwa, hivyo nikamrudishia matusi ili tufike. Katika matusi yale ndimo nilimojifunza jambo nililokuwa nimelikosa kwa umri wangu wote wa kupatana bei: kwamba kuna habari nzito mno, mtu hawezi kuibeba mpaka mlangoni kwako bila kuicheka kidogo, na anayeipokea ndiye anayepaswa kuuliza uzito.

Tabora, asubuhi ya kumi na nne. Mama alikuwa uani. Nilianza kusema, Shomari akanisukuma kando. Hakupiga hodi wala hakuamkia. Aliingia chumbani kama mwenye nyumba, akatoka amevaa kanzu ya kaka yangu, ile mama aliyokuwa akiianika juani kila mwezi isiliwe na wadudu. Akaninyang'anya mfuko wa chumvi, akauweka begani.

Kisha akatembea.

Akapita uani kutoka ukutani mpaka jikoni, bega la kushoto limeinuka kupita la kulia, akipiga mbinja kwa ndani ya meno. Kila hatua ya tano akauruhusu mzigo uruke kidogo na kuudaka kwa shingo, kwa maringo, kama anayejua anatazamwa na wasichana. Aliposimama alijikuna shavu la mguu mmoja kwa kidole gumba cha mguu wa pili. Akasema kwa sauti ambayo sikuisikia tangu siku ya ile kamba, "Mama, maji! Na huyu Bwana Mizani asinipimie!"

Mama akacheka. Alicheka kwa nguvu, kiganja mdomoni, kama mtu aliyeshtukizwa. Hakuuliza huyu nani, wala ametoka wapi. Mzaramu kavaa kanzu ya mwanawe, na Mnyamwezi yeyote ajua maana yake: mtani huvaa nguo za aliyemzika. Kicheko kikaenda kikaenda, kikakatika, na mkono ukabaki pale pale mdomoni.

"Ndiye," alisema. "Ndivyo alivyokuwa akitembea."

Shomari akainama autue mfuko. Mama akamzuia kwa kiganja.

"Bado, baba. Zunguka tena mara moja."

Shomari alikuwa ametembea siku saba kutoka kaburini. Akauinua mfuko, akazunguka ua mara ya pili, taratibu zaidi, kwa mbinja ile ile, na mama akamfuata kwa macho mpaka ukutani na kurudi mpaka miguuni pake.

"Basi," akasema. "Tua sasa, mwanangu. Umechoka."

Mfuko ukashuka. Mama akafungua ushungi wake, akaufunga upya kiunoni, akapiga ukelele wa kwanza wa msiba, na wanawake wa Ng'ambo wakaanza kuingia mlangoni.