Nira ya Ng'ombe Mgongoni mwa Punda

Zamani, mtu wa Kasense alipotaka kumsifu mwenzake kwa uvumilivu, alimfananisha na punda wa Otilia. Marehemu Benjamini, mumewe Otilia, ndiye aliyempa punda huyo jina la Katekista, kwa kuwa alisimama juani na mvuani bila kunung'unika, akiwasubiri watu wamalize mazungumzo yao. Katekista wa kigango alinuna majuma mawili, kisha naye akaanza kumwazima kubebea kuni. Huyo ndiye punda ambaye sasa, mvua za kupandia zikiwa zimekaribia, alikuwa amefungwa miguu nyuma ya nyumba akisubiri lori la wanunuzi wa ngozi. Lori lingefika Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi.

Otilia hakuwa na mkono mwingine wa kumsaidia. Tangu awe mjane, miaka miwili iliyopita, mkokoteni wa punda ndio uliokuwa ukipeleka samadi shambani, ukarudisha mahindi nyumbani na kufikisha ulezi wake soko la Sumbawanga. Shamba lenyewe lilikuwa la ukoo wa Benjamini. Likikosa samadi mwaka mmoja tu, lisingezaa. Na shamba lisilozaa mikononi mwa mjane halikosi wa kulidai.

Ukaidi ulikuwa umeanza kidogokidogo. Kwanza Katekista alikwepa kichwa alipoiona nira. Kisha akaanza kung'ata. Mwisho akawa analala chini katikati ya barabara, magunia yakiwa juu ya mkokoteni, na vijana wa bodaboda wakisimamisha pikipiki zao kumtazama.

"Mama, mwenzako kagoma! Muulize kama anadai malimbikizo!"

"Mpeni uenyekiti wa chama cha wafanyakazi huyo!"

Otilia alicheka nao kwa aibu, kisha akaokota fimbo. Alimpiga siku ile na siku nyingi zilizofuata, kwa sababu kila aliyepita alimkumbusha kwamba punda haendi bila kigongo. Sisi wanadamu ni hodari wa kukumbuka methali zinazoturuhusu kupiga.

Jumapili iliyopita Katekista alimpiga teke Eustaki, mdogo wake marehemu na msemaji wa ukoo, akamvunja mkono. Eustaki alirudi kutoka hospitali na plasta, akatoa hukumu kabla hajakaa. "Fadhila za punda ni mateke. Huyu ameingiwa na wazimu. Atakayefuata ni mtoto wa mtu." Bwana mifugo alikuwa msibani Mwimbi, na hakuna aliyeona haja ya kumsubiri.

Alasiri ile ya Alhamisi akaja Mboje, bibi wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia ng'ambo ya kijito pamoja na ng'ombe wao. Mwanawe, Masunga, ndiye aliyemuuzia Benjamini punda yule angali mdogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mnamuuza mjukuu wangu kwa wachuna ngozi. Nimekuja kumuaga."

"Usimsogelee, bibi. Ameharibika."

Mboje alimkaribia punda kwa ubavuni akimsemesha Kisukuma, akaweka kiganja kiunoni mwake, akakisogeza mbele taratibu. Katekista alitulia. Kiganja kilipofika pale mgongo unapokutana na shingo, ngozi yote ilitetemeka, mgongo ukabonyea kama kitanda cha kamba kilichokaliwa, na mnyama akakoroma kwa sauti ambayo Otilia hakuwahi kuisikia.

"Niletee hicho mnachomfungia," alisema Mboje.

Otilia akaleta nira. Ilikuwa ya mninga, imelainishwa kwa kipande cha chupa, na katikati imechongwa msalaba. Eustaki aliitengeneza kwa mikono yake na kumkabidhi mbele ya ukoo siku ya kuanua matanga, badala ya ule ukanda wa ngozi wa Benjamini uliokuwa umekatika. Watu walipiga vigelegele siku hiyo.

"Hii ni ya ng'ombe."

"Nira ni nira, bibi."

"Ng'ombe ana nundu, nira inaegemea hapo naye anasukuma. Haya, nionyeshe nundu ya punda."

Otilia akautazama mgongo wa Katekista. Nundu haikuwapo.

"Punda huvuta kwa kifua, ndiyo maana mumeo alitumia ukanda. Ninyi mmemwekea gogo juu ya mfupa mtupu, na uzito wa mkokoteni juu ya gogo. Anaungua mgongo mwaka wa pili huu."

"Mbona hakuonyesha?" Swali lilimtoka Otilia kabla hajalipima.

"Kaonyesha, mwanangu. Kasema kwa meno, kasema kwa kulala chini, kasema kwa kwato. Mlitaka aende ofisi ya kata akajaze fomu?"

Mboje alimpa maagizo: maji ya moto na kitambaa asubuhi na jioni, kumkanda kuanzia mkiani kwenda mbele, na asivute chochote hadi mahindi yafike magotini. Otilia aliyasikia yote, lakini akilini alikuwa akizihesabu fimbo. Alishindwa kufika mwisho.

Ijumaa Eustaki alipita kuhakikisha kamba hazijalegea. Otilia alimkaribisha kiti, akamweleza yote kwa upole, kama anayemvua mtu mwiba.

"Kwa hiyo nira yangu ndiyo mbaya, shemeji?"

"Ni nzuri. Ila si ya punda."

"Nimechonga nira za nusu ya Kasense!"

"Za ng'ombe, shemeji."

Eustaki aliuinua mkono wenye plasta. "Basi huu nimeuvunja mwenyewe?"

Otilia aliitazama plasta, kisha akamtazama punda.

"Bibi wa kuja kapapasa punda, basi ukoo mzima umekuwa mjinga?"

"Mguse mwenyewe uone. Hapo tu, penye bega."

Hakumgusa. Angemgusa angejua, na mtu mzima mwenye sifa ya ufundi haoni faida ya kujua jambo la namna hiyo. Ndivyo viumbe wengi wanavyokufa katika nchi hii, wenye miguu minne na wenye miwili: maumivu yao yakikubaliwa, mkubwa fulani atakuwa amekosea.

"Ukilirudisha lile lori," alisema Eustaki akiinuka, "na nira yangu ukaikataa, ujue umeukataa mkono wa ukoo. Na shamba limetoka katika mkono huohuo."

Otilia hakulala vizuri. Aliomba rozari akapotea katikati, akaanza tena. Jumamosi lori liliposimama mlangoni, alitoka na kuwaambia wale watu kwamba punda hauzwi. Walimcheka, wakamtusi kidogo, wakaondoka. Eustaki, aliyekuwa amekuja kushuhudia, aliingia uani, akaichukua nira yake kwa mkono mzima, akaitia begani na kwenda zake bila kuaga.

Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa Milanzi. Samadi ingekwenda shambani kichwani mwa Otilia, karai baada ya karai, katika shamba ambalo huenda lisingekuwa lake kufikia mavuno. Otilia alichemsha maji, akamfungua Katekista miguu, akaanza kumkanda kuanzia mkiani.

Alipokaribia bega, punda aligeuka na kumng'ata. Meno yalipenya khanga na sweta. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani, hatua moja tu. Otilia alilia kwa sauti, damu ikimchuruzika mkononi, lakini hakwenda kuichukua. Alisubiri hadi masikio ya mnyama yalipolegea, akachovya kitambaa upya, akarudi mkiani kuanza tena.