Zero yangu na maji ya treni

Leo nilipata zero mu calcul, ile somo ya hesabu, na sina haya hata kidogo.

Sikieni kwanza.

Mwalimu alituuliza: treni inatoka Élisabethville saa kumi na mbili ya asubui, inatembea kilometa makumi tatu kwa saa. Njia iko kilometa mia moya na makumi mbili. Itafika saa ngapi?

Kalenga, mwenye tunaikalaka naye banki moya, aliandika saa ine. Akapata kumi na nane ku makumi mbili!

Miye niliandika saa tano.

Mwalimu akasoma karatasi yangu mbele ya bote. Klasi yote ikacheka. Kalenga njo alicheka kupita bote. (Rafiki gani ule?)

Nikasimama. "Mwalimu, na maji?"

"Maji gani?"

"Ya mashini. Baba yangu njo anatiaka makala mule. Banasimamaka mu njia, bananywesha mashini maji. Niliongeza saa moya ya ile maji."

"Mu calcul treni hainywake maji. Ikala!"

Nikaikala. Lakini sikufuta kitu.

Mangaribi nikaonyesha baba ile zero. Nilingoya fimbo. Akasoma polepole, vidole vyeusi na makala, akauliza:

"Ule wa kumi na nane, alitia maji fasi gani?"

"Hakutia, baba."

"Basi mashini yake itapasuka."

Bandugu, pitisheni hii karatasi, kila muntu aandike chini: mutapanda treni ya nani?

Kalenga, na weye andika. Kama hauyapasuka bado.