Kofia ya Shaba Mbele ya Wakwe

Kwetu Bukavu, muoaji anapokuja kutoa posa ana kazi moja tu: kunyamaza. Anakaa, anatazama viatu vyake, na msemaji aliyekuja naye anasema yote. Hata mpumbavu anaiweza kazi hiyo, na nadhani ndiyo maana wazee waliipanga hivyo. Muoaji wa dada yangu mdogo alitoka Amerika kuja kuifanya, ikamshinda.

Dada alimtaka, hilo nalikubali. Walijuana shuleni, kabla familia ya kijana haijahama, na miaka yote hiyo simu ikilia dada alikuwa akikimbilia nyuma ya nyumba kwenda kucheka peke yake. Siku ya posa alikaa nyuma ya pazia la chumba, akingoja kuitwa na kuulizwa: pombe ya watu hawa, tuinywe au tusiinywe? Akisema tuinywe, ameolewa, anakwenda zake. Mimi niliomba aseme tusiinywe. Shangazi, aliyemlea tangu mama yetu afariki, alikuwa ameketi karibu na pazia hilo, amevaa kitenge kipya na uso wa mazishi.

Baba, mtu wa adabu za kanisani, akaanza kwa mbali. "Muzee, mutoto wetu kule, kazi ikiisha mangaribi, anafanyaka nini?"

Maana yake ilikuwa: analewa? Msemaji alikuwa tonton wa muoaji, yaani mjomba wake, askari mstaafu mwenye kitambi na sauti ya gwaride. "Papa, uyu hagusake pombe!" akasema. "Ye anatengenezaka risasi. Za bastola. Na mikono yake!"

Akatutazama mmoja mmoja, akingoja makofi. Makofi hayakuja. Mtaani kwetu tunazijua risasi kwa masikio. Jirani yetu anaweza kukuambia hiyo imelia Kadutu, hiyo Nguba, wakati wewe bado unatafuta uvungu wa kitanda. Hatukuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anazipika nyumbani kwa kujifurahisha.

Tonton akaongeza utaalamu. Kijana anayeyusha plomb, ile madini nzito ya ndani ya betri, anaimimina kwenye kalibu, risasi zikipoa anazipaka rangi ya unga, kisha anazichoma kwenye oveni hadi rangi ishike. "Na kule chini," akamalizia, "anazivalisha kofia ya shaba, ili moto ya baruti isiunguze matako yake."

Kofia inayovaliwa matakoni. Kweli Amerika ni mbali.

Hapo ndipo muoaji alipoinua kichwa. "Hapana, tonton. Kofia haina lazima. Risasi ya bastola haina vitesse mingi, haikimbiake sana. Rangi tu inatosha kuzuia ule moto."

Kumsahihisha msemaji wako mbele ya wakwe! Kuna watu waliorudishwa kwao pamoja na ng'ombe wao kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Mi nilikuwa mu jeshi!" tonton akanguruma. "Risasi bila shaba inachafua bunduki!"

"Ile ni ya vita, tonton, inavaa shaba muzima. Iyi ni ya kucheza."

"Ya kucheza," baba akarudia polepole.

Wakaendelea kubishana, mjomba na mpwa, kofia ivaliwe, kofia isivaliwe, na sisi tumekaa tunawatazama kama watu waliokosea mlango. Kijana akatoa simu atuonyeshe picha. Risasi zilikuwa zimepangwa kwenye sinia, za kijani, nyekundu na zambarau, nzuri za kumtamanisha mtoto. Baba akaishika simu kwa vidole viwili.

"Unazipigaka nini?"

"Karatasi, papa."

Nikacheka kwa sauti, na nilicheka kwa ubaya. Karatasi iliwakosea nini watu hawa? Sikuhofu tena kumpoteza dada. Nilianza hata kupanga maneno mazuri ya kuwarudishia madumu yao ya pombe.

"We mutoto," shangazi akasema. "Kuya hapa."

Kwetu muoaji hamgusi mama mkwe. Siku kama hiyo hata mkono hampi. Kijana alisogea na kuchuchumaa mbele yake. Shangazi akavuta kitenge hadi gotini, akakamata kidole cha kijana na kukibandika pale kwenye muundi penye uvimbe mgumu ambao sisi wa nyumbani tunaujua.

"We unajua ile kazi. Iyi iko na kofia ao haina?"

Tonton akatazama dari. Shangazi hakuwa amemaliza. "Ilipita mu mbao za ukuta. Nilikuwa nimelalia katoto. Ilikuwa inakuja kwa uyu unataka kuoa."

Nilingoja kijana atoe jibu lake la shaba na vitesse, ili nimchukie kwa raha. Alikaa na kidole palepale.

"Inaumaka, maman?"

"Wakati wa mvua," shangazi akasema. "Na wakati bapumbavu banaisema sawa bonbon ya batoto."

Pazia likafunguka. Dada alitoka bila kuitwa, akajaza glasi kasiksi, pombe ya ndizi waliyoileta, akapiga magoti mbele ya shangazi. "Shangazi akikunywa, mi nimeolewa," akasema. "Akikataa, barudi nayo."

Desturi ya namna hiyo haipo popote, aliitunga hapohapo. Tonton alitaka kupinga, baba akamnyamazisha kwa mkono. Shangazi akaitazama glasi, akamtazama kijana aliyekuwa bado amechuchumaa. Mimi nikaomba kimoyomoyo, bila haya, kwamba akatae.

Akaonja, akakunja uso.

"Mulitia mayi mingi," akamwambia tonton. Kisha akainywa yote, huku analia.