Joka Ndani ya Karatasi ya Kaki

Alhamisi iliyopita nilisifiwa kwa maoni yangu, na tangu hapo sijapata raha.

Nianze na hilo, rafiki yangu, kabla sijaanza kujipamba. Tuko wanawake tisa, wengi wetu tumepita hamsini na magoti hayatuachi tusahau, na kila mwezi tunakutana kuzungumzia riwaya mbili tulizosoma: moja ya fantasia, moja ya maisha ya siku hizi. Mwezi huu tulikuwa Kitisuru, kwenye nyumba ambayo hata ukishafunguliwa lango bado una mwendo kabla ya kuuona mlango. Kahawa ilikuwa nzuri. Keki ilikuwa ya ndizi na ilikatwa vipande vidogo, kama ishara kwamba hapa watu hawaji kula.

Ile ya fantasia nilikuwa nimeifikisha katikati tu, jambo ambalo sikulitaja. Ni ya majoka. Ina ramani mwanzoni kama kitabu cha Jiografia, na watu wenye majina ya kukwama kooni. Nilisema nampenda joka kwa sababu mwandishi amempa harufu, ile ya chuma kilichoungua, lakini mashujaa hawanuki chochote, hawapiki, hawaoshi sufuria, na wakifa wanarudi baada ya sura mbili, kwa hiyo msomaji hana sababu ya kuwalilia. Wenzangu wawili waliandika hayo. Ndiyo, wako wanaoandika ninayosema. Ukiwa na shahada ya fasihi na umri wangu, unaweza kuhukumu kitabu ambacho hujakimaliza na watu wakashika kalamu.

Ya pili ni ya hapa hapa mjini. Mwanamke anayefanya kazi benki alimkosea mama yake zamani, akiwa mtoto, na kwa kurasa mia tatu tunangoja aseme. Mama analazwa hospitali. Binti anaketi kando ya kitanda, anamenya chungwa, anasimulia habari za foleni barabarani, anaaga. Mama anakufa. Basi. Nilisema mwandishi amekwepa kazi yake. Mtu mzima mwenye akili zake, aliyepewa nafasi kama ile, hawezi kuondoka bila kusema neno. Haiaminiki.

Mdogo wetu, wakili ambaye hajafika thelathini, akasema, "Lakini anti, mimi nimeamini. Si watu hunyamaza tu?"

"Maishani labda," nikamjibu. "Kwenye riwaya tunanunua kitabu ili tusinyamaziwe."

Wakacheka. Mwenyeji akasema huyu mama ana mdomo. Yule msichana akafunga daftari lake taratibu, na mimi nikachukua kipande cha pili cha keki.

Nilikuwa langoni nikingoja teksi wakati mwanamke anayefanya kazi katika nyumba ile alipotokea upande wa nyuma akiwa amebeba katoni. Ilikuwa na vitabu ambavyo mwenyeji wetu alikuwa anaviondoa rafuni. Akaniuliza kama ni vya watoto ama vya watu wazima, maana ako na mtoto wake wa darasa la tano anayependa kusoma mpaka anasahau chakula. Nikachungulia. Kitabu cha juu kilikuwa na joka jaladani, mdomo wazi, moto unatoka. Nikamwambia ampe tu, havina neno. Kisha nikaingia kwenye teksi, na tulipofika Westlands nilikuwa nimefunika uso kwa kitambaa, dereva akaniuliza kama apunguze hewa ya baridi.

Nikiwa mtoto tulikaa mtaa wa Jamhuri, karibu na uwanja wa maonyesho. Wiki ya maonyesho tulisikia vipaza sauti na ng'ombe wa watu wakilia, na upepo ukigeuka ulituletea harufu ya zizi hadi mezani. Mama alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini. Mwaka niliofika darasa la tano, bibi yangu, ambaye sisi Wakamba tunamwita susu, alikuja kutoka Machakos kukaa nasi ili atibiwe macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaziba moja na kuanza la pili.

Susu hakujua kukaa bure. Asubuhi alitwanga mahindi kwenye kinu alichokuja nacho kutoka nyumbani, akatoa maganda, na mchana kutwa muthokoi na mbaazi vilichemka kwenye jiko la makaa nyuma ya nyumba, kando ya ua wa michongoma. Nikitoka shule niliusikia mvuke ule kabla sijaliona paa letu. Alasiri aliketi kwenye kigoda, sketi imepandishwa hadi gotini, akisokota nyuzi za katani kwenye paja lake ili asuke kiondo. Hakuhitaji macho kwa hilo. Alichokosa ni kuisoma Biblia yake ya Kikamba, na hasa alikosa mtu wa kumsomea chochote kile. "Soma polepole," aliniambia kila mara. "Hakuna anayetufukuza."

Biblia niliisoma kwa mwezi mmoja. Kisha jirani yetu, aliyefanya kazi ya usafi kwa wazungu fulani kule Kitisuru, akaniletea kitabu walichokiacha walipohama. Kilikuwa cha Kiingereza, kinene, na jaladani palikuwa na joka. Nilisoma kurasa kumi za kwanza nikiwa nimesimama. Nilikitaka kile kitabu kuliko nilivyotaka chakula.

Shida ilikuwa Susu. Alikuwa Mkristo wa kutotania, kiongozi wa maombi katika ushirika wa akina mama kanisani, na mambo ya uchawi hakutaka yavuke mlango. Lakini alasiri zangu zilikuwa zake. Basi nikafanya kile ambacho kila mtoto wa shule alijua kufanya: nikachukua karatasi ya kaki, ile tuliyofunikia vitabu kila muhula ulipofunguliwa, nikakifunika, nikakunja pembe vizuri, nikaandika jina langu, darasa, na somo: Kiingereza. Susu akapapasa jalada, akasikia ni kaki, akaridhika. Nikaanza kumsomea, nikitafsiri kwa Kikamba mstari kwa mstari.

Ila joka sikuweza kulisema. Likawa mwenye nyumba.

Binti wa mfalme aliyefungiwa mnarani akawa msichana wa Kitui anayesomea unesi, amepanga chumba cha juu, na mwenye nyumba amefunga lango hataki atoke. Nilimwita Mwende. Mchawi mwema akawa wakili. Joka alipochoma kijiji kizima, nilitafuta ubaya mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona, nikasema mwenye nyumba amekata maji.

"Hata ya jikoni?" Susu akauliza, mkono ukasimama juu ya paja.

"Hata ya jikoni."

Joka alipolala juu ya dhahabu, mwenye nyumba alilala dukani kwake juu ya magunia ya sukari. Joka alipomeza farasi, mwenye nyumba alikula mbuzi mzima peke yake, na Susu akataka kujua kama mtu huyo ni Mkamba ama ametoka wapi. Nilicheka ndani kwa ndani. Nilijiona mjanja sana. Sikujua kwamba sitapata tena msikilizaji kama yule: mtu anayeacha uzi uanguke kwa sababu msichana wa kwenye karatasi amekosa maji ya kunywa.

Kumbe Alhamisi moja, kwenye ushirika, Susu alisimama akaomba akina mama wamkumbuke Mwende katika maombi. Alieleza yote: lango, wakili, magunia ya sukari. Alikuwa amedhani ni habari za kweli, maana kitabu cha shule hakiwezi kusema uongo. Wakamwandika kwenye orodha, kati ya mgonjwa wa kisukari na kijana aliyekosa kazi. Wakamwombea wiki tatu. Jirani yetu aliniambia walifunga siku nzima kwa ajili yake, hata chai hawakunywa, na ya Susu ndiyo iliyokuwa sala ndefu kuliko zote. Ningeweza kusema siku ile. Nilikuwa nimebakiza theluthi moja ya kitabu.

Wiki ya nne ushirika ulifanyika kwetu. Akina mama kumi na wawili walijaa sebuleni, wengine kwenye viti vya kuazima, chai ya maziwa ikazunguka. Kitabu changu kilikuwa juu ya kabati. Mmoja wao, mwalimu katika shule ya jirani, alikichukua ili aone watoto siku hizi wanasomeshwa nini. Kaki ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Ikateleza yote, na joka akabaki mikononi mwake, mdomo wazi mbele ya akina mama wote.

Mwalimu akafungua katikati, akasoma kidogo kimyakimya, akauliza kama hiki ndicho kitabu cha Mwende. Susu akasema ndicho.

"Mama, hapa hakuna nesi," mwalimu akasema kwa upole. "Hapa kuna binti wa mfalme na joka."

Wote wakanigeukia, nikiwa nimesimama na birika. Rafiki yangu, nimelirudia jibu langu kwa zaidi ya miaka arobaini na bado halijapata namna nzuri ya kusemwa.

"Mimi nilisoma vile imeandikwa," nikasema. "Ni Susu alisikia nesi."

Mtu akacheka, wakacheka wengine, bila ubaya wowote, vile watu hucheka juu ya mzee. Wakasema uzee jamani, wakasema hata mama yangu yuko hivyo. Nilimtazama Susu. Alijua. Watu wawili tu katika chumba kile walijua nani alimleta Mwende duniani, na mmoja alikuwa akisokota uzi. Aliusokota hadi mwisho, akaufunga fundo.

"Masikio yangu yamezeeka," akasema. "Mniwie radhi."

Hakuna aliyemwondolea uongozi. Ila Alhamisi iliyofuata mwingine aliombwa afungue maombi, ili Susu apumzike. Na kutoka siku hiyo walimsemesha kwa sauti kubwa, polepole, kana kwamba ni masikio yaliyoletwa mjini kutibiwa. Alivumilia hadi muhula ulipofungwa, akarudi Machakos na kinu chake. Hakunishtaki kwa mama. Hakuniomba tena nimsomee. Mama alikirudisha kitabu kwa jirani bila kuniuliza, na theluthi ile sikuisoma.

Nilimwona mara nyingi baada ya hapo, sikukuu na mazishi, na tulizungumza vizuri kama watu waliokubaliana kuzunguka shimo. Kisha nikiwa chuo kikuu, mwaka wa mwisho, alilazwa katika hospitali moja kule Upper Hill. Nilimpelekea muthokoi kwenye chupa ya kuhifadhi joto, wa kununua, haukuwa umeiva vizuri. Macho yote mawili yalikuwa yamekwisha. Niliketi nikamsimulia habari za mitihani. Nesi mmoja kijana, naye Mkamba, alikuwa akitandika kitanda cha pili.

Susu akanikatiza. "Yule Mwende," akasema. "Alitoka?"

Nilijua hasa nafasi anayonipa. Hata leo siwezi kusema sikuelewa. Na nikasikia sauti yangu, ile ya msichana msomi anayesikilizwa na mtu mwingine chumbani, ikisema, "Susu, kile kilikuwa kitabu tu."

Nesi akatabasamu juu ya shuka. Wazee wetu, akasema.

"Najua ni kitabu," Susu akasema. "Nimeuliza kama alitoka."

Nilimwambia nitakitafuta nimalizie, nimletee habari. Nikamfunikia miguu, nikamwambia foleni ya Ngong Road itakuwa mbaya nisipowahi, nikatoka. Alifariki kabla sijarudi.

Kwa hiyo unaona ni mtu gani aliyekaa Kitisuru akasema haiaminiki.

Nimepita Jamhuri juzi. Ua wa michongoma umekuwa ukuta wa mawe na waya, na nyumba yetu imepandishwa orofa. Sijui kama bado kuna mtoto anayefunika kitabu kwa kaki, wala kama kuna ushirika unaoweza kukaa bila chai kwa ajili ya msichana ambaye hayupo. Vitabu ninavyosoma sasa ni vingi kuliko nilivyoota kuvipata, nami navikosoa vizuri. Naweza kukuambia sura ipi imelegea na mhusika yupi ni wa karatasi. Lakini sijamwombea hata mmoja.

Jana nilimpigia simu yule wakili mdogo. Nilimwambia alisema kweli kuhusu ile riwaya, watu hunyamaza, na kwamba nililijua hilo wakati nikimchekesha kila mtu juu yake. Akasema, "Hakuna shida, anti," kwa sauti ya mtu anayengoja nimweleze. Sikumweleza. Nimeanza kukuandikia wewe badala yake, na hilo nalo nadhani ni namna ya kukwepa.

Leo alasiri nimeketi jikoni na ile riwaya ya fantasia, pale nilipoiacha. Kuna msichana amefungiwa mnarani. Zimebaki kurasa mia mbili. Nasoma kwa sauti, nikitafsiri kwa Kikamba changu kilichotoboka, na nikikwama narudia mstari, maana hakuna anayenifukuza. Joka amefika mlangoni, anatema moto. Nimemwacha awe joka.